Mfuko wa Nyuzi za Mama

Mama yetu alipotangulia mbele ya haki, tulikaa Kibokoni kugawa mirathi. Mimi, mwenye kusomesha faraidhi, nilitoa gharama za maziko, madeni na wasia, kisha nikahesabu nyumba na dhahabu. Mfuko wa nyuzi, masalio ya kofia alizozishona maisha yake yote, nikaamuru utupwe.

Dada yangu mdogo akanizuia. "Kaka, si wewe utufunzaye kwamba kila alichoacha maiti ni tirka, kiwe kichache au kingi?"

Nikanyamaza. Warithi wote tukaridhia auchukue yeye.

Ndani mlikuwa na kofia iliyoshonwa nusu, sindano ingali imechomekwa. Mama alikuwa amemwahidi yatima wa jirani kuwa ataivaa Idi. Uzi mweupe haukutosha. Dada akaunga vipande vya rangi ya maziwa, usiku baada ya usiku, hadi akaimaliza.

Siku ya Idi nilimwona kijana yule akipita Ndia Kuu na kofia yake kichwani. Tofauti ya rangi niliiona mimi tu.

Enyi ndugu zangu, msitupe masalio ya marehemu kabla ya kutazama ndani. Huenda mkatupa ahadi.