Sikukuu za Temeke na Suala la Viwanja

Kila zinapokaribia sikukuu, watu wa rika langu, tuliosoma shule ya msingi miaka ya 80 katika mitaa ya Temeke, Magomeni na Kinondoni, hushikwa na ugonjwa wa kuusifia utoto wetu. Tunazitaja nyimbo, tunaitaja bei ya soda, tunawabeza watoto wa leo kwa kuinamia simu. Nami naugua ugonjwa huo, wala siombi dawa. Ninachobishia ni kile tunachokililia. Nyimbo zipo, Sikinde na Msondo husikika kila mahali, hata ndani ya daladala. Kilichotoweka ni mahali pa kusherehekea, na mahali hapatoweki penyewe. Yupo anayekigawa kiwanja, na yupo anayetia saini.

Iddi ya Temeke ilianzia redioni. Vituo vya kwanza vya televisheni Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994; ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 70, nasi tukiwaonea kijicho. Kwa hiyo usiku wa kungoja mwezi nyumba nzima iliizunguka redio ya National, ambayo betri zake zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu za kuumaliza usiku huo. Kwa kuwa sote tulisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, tangazo liliposomwa vigelegele vilitoka nyumba zote kwa wakati mmoja, tangu Tandika mpaka Mtoni. Mtoto aliyekuwa amelala aliamshwa na kelele za mtaa mzima.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba sita na familia za dini mbili. Krismasi ilipofika, jirani yetu, mzee wa kutoka Songea, alimwita baba amchinjie kuku, ili sahani zikishatoka asiwepo wa kusita kula. Mama naye siku ya Iddi alipeleka pilau kila chumba. Sahani hizo hazikurudi tupu. Zilirudi na maandazi, au na embe mbili kama mwezi ulikuwa mgumu, na miezi migumu ilikuwa mingi. Wanaosimulia miaka ile kama kwamba ilikuwa pepo wamesahau foleni za sukari na sabuni, na ile shati moja ya sikukuu iliyoshonwa kubwa makusudi ili ifae hadi sikukuu ya mwaka unaofuata.

Mkono wa Iddi ukishapatikana, safari ilikuwa ni Mnazi Mmoja. Tulibanana ndani ya Ikarusi la UDA, tukashuka penye bembea, ashkirimu, ubuyu, na mpiga picha aliyekusimamisha mbele ya pazia lenye mandhari ya ziwa ambalo hakuna mtu aliyelijua. Nilipokuwa mtu mzima ndipo niliposoma kwamba eneo lile liliachwa wazi na wakoloni kwa nia mbaya kabisa: kuitenganisha Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Ukanda wa ubaguzi ukageuka uwanja wa watoto wote wa jiji. Sijui kisa kingine katika historia ya mipango miji yetu kinachonifurahisha kama hiki.

Wakubwa walikuwa na kumbi. Hapa naomba msomaji kijana anivumilie, maana habari hii ndiyo kiini. Bendi tulizozipenda hazikuwa mali ya mapromota. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, ambalo lilikuwa na kumbi Kariakoo na Magomeni Kondoa. Vijana Jazz na ukumbi wake wa Kinondoni vilikuwa vya Umoja wa Vijana. JUWATA Jazz ilikuwa ya wafanyakazi, Bima Lee ya Shirika la Bima la Taifa, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo cha Ubungo. Hapo kwetu Temeke, klabu ya Kampuni ya Sigara pale Chang'ombe ndiyo iliyokuwa uwanja wa mapambano ya Msondo na Sikinde. Vikundi kama Muungano vilifanya maonyesho ya mchana, sarakasi, vichekesho na taarabu, ambayo mama aliweza kwenda na wanawe. Asiye na kiingilio alikaa nje akingoja fungulia mbwa, saa ile mlango unapoachwa wazi na kila mtu anaingia. Tuliijua pia ya Uwanja wa Taifa, dakika za mwisho za mechi.

Mfumo huo ulikuwa na gharama yake. Mwenye bendi ndiye aliyekuwa mwenye redio, na mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara mdogo, na wengi wao walizeeka maskini huku sauti zao zikiwaburudisha mamilioni. Sitamani turejeshewe mkaguzi wa mashairi. Lakini mashirika yalipobinafsishwa au kufa, hatukuulizana starehe ya watu wa kawaida itakaa wapi. Tuliuza viwanda, na kumbi zikahesabiwa kama samani.

Viwanja navyo vilikuwa vyetu kwa namna hiyo hiyo. Mwembe Yanga, ambapo vijana wa Temeke walicheza chandimu, ndipo palipotajwa hadharani orodha ya watuhumiwa wa ufisadi tarehe 15 Septemba 2007, mbele ya umati. Biafra ya Kinondoni, yenye jina linalokumbusha nchi ambayo Tanzania iliitambua mwaka 1968, nayo imebeba mipira na mikutano. Watawala wetu waliufahamu uhusiano huo. Mikutano ya hadhara ilipozuiwa mwaka 2016, uwanja wa wazi ulianza kuonekana kama ardhi isiyo na kazi. Zuio liliondolewa Januari 2023. Ardhi iliyokwisha kujengwa hairudi kwa tamko.

Sensa ya mwaka 1988 iliwakuta wakazi wa Dar es Salaam zaidi ya milioni 1.3. Ile ya 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 5.3, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeangukia pembezoni: Mbagala, Chamazi, Goba, Bunju. Huko nyumba zilitangulia ramani. Mtoto wa Iddi Pili hana pa kwenda ila ufukweni, kando ya barabara, au kwenye ukumbi wenye mlango mmoja.

Mlango mmoja ninautaja kwa sababu. Siku ya Iddi, tarehe 1 Oktoba 2008, huko Tabora, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana ndani ya ukumbi uliokuwa na disko la watoto. Tangu hapo, kila sikukuu polisi hutoa tangazo la kupiga marufuku disko toto, na ni haki yao. Ila tangazo hilo humweleza mzazi wa Mbagala asimpeleke wapi mwanawe, kisha likanyamaza.

Kwa wanafunzi wangu wanaoniuliza mwanaharakati aanzie wapi, nina kazi ndogo. Nendeni ofisi ya kata mnakoishi, mkaombe ramani ya mipango miji, muorodheshe kila eneo lililotengwa kuwa la wazi, kisha mtembee kwa miguu mkaone limesimama nini. Mkikataliwa, andikeni barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ofisi inazo siku 30 za kujibu. Na wewe mtumishi wa manispaa unayesoma hapa, ambaye nina hakika nawe ulipanda bembea za Mnazi Mmoja, barua hiyo ikikufikia mezani, tafadhali usiiweke chini ya faili.