Kalamu na Mzunguko wa Hasara: Tafakuri Kutoka Bigwa

Hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, husikika mara kwa mara kuwa "bei imeshuka", kana kwamba bei ni mvua. Nionavyo mimi, tatizo la biashara hujificha ndani ya kitenzi hicho, na kalamu yaweza kulifichua.

Tuchukue mfano wa mama anayeteremsha ndizi kichwani hadi sokoni Morogoro. Kwa mdomo, habari yake ni fupi: bei imeshuka, amepata hasara. Akiiandika, sarufi humdai zaidi. Katika "kushuka", mtenda ni bei yenyewe. "Kushusha" hudai mtu. Nani basi ameishusha? Mlanguzi. Aliwezaje? Alijua kuwa mama hatapanda mlima tena na mzigo, akangoja jioni. Mbona mzigo haukulazwa mjini? Hakuna fedha ya kulipia chumba. Mbona hakuna? Kwa sababu hata juzi aliuza kwa bei ya jioni. Sentensi ya mwisho imeirudia ya kwanza: huu si mstari, ni mzunguko.

Jay Forrester wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu mienendo ya viwanda, alionyesha kwamba misukosuko ya kampuni yaweza kuzaliwa na mizunguko ya aina hii iliyomo ndani ya mfumo wenyewe.

Historia ya Uluguru nayo yatuonya. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifikiri kwa mstari: udongo unamomonyoka, basi watu wachimbe matuta ya ngazi. Haikuzingatia vya kutosha nguvu kazi iliyohitajika, wala udongo hafifu ulioibuliwa juu. Mwaka 1955 Waluguru waliupinga mpango huo kwa ghasia, nao ukaachwa.

Vivyo hivyo, kumlaumu mlanguzi pekee hakutoshi. Akiondoka huyu, atakuja mwingine. Lakini wanawake kadhaa wakichangia chumba kimoja cha kulazia ndizi mbichi, mzunguko hukatika mahali wanapopamudu wenyewe. Hivyo basi, insha isifundishwe kama pambo la lugha tu. Tuwazoeze wanafunzi kuuliza, mbele ya kila "imeshuka", ni nani ameshusha, na ni nini kilichomwezesha.