Makadamia: Mti wa Subira

Akina mama wenzetu, msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga, Makambako na Igurusi, na msimu ukiwa mzuri haoni dalili ya njaa. Mahindi, viazi na maharage vimejaa. Hata hivyo, utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa watoto wapatao 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sisi wauguzi tunawaona kliniki: tumbo limeshiba ugali, lakini chakula cha kujenga mwili ni haba.

Ndiyo maana tulipofika Tukuyu kuwatembelea akina mama wa kanisa, tulivutiwa na mti wenye majani magumu ya kijani uliosimama kando ya migomba. Ni makadamia. Asili yake ni Australia, lakini umezoea nchi ya Rungwe, yenye mvua nyingi na baridi ya kiasi. Wahehe nao wana msaula, yaani mbula, mti wa porini wenye kokwa inayoliwa. Kula kokwa za miti si jambo geni kwetu.

Zaidi ya theluthi mbili ya kiini cha makadamia ni mafuta, na mengi ni yale yasiyodhuru moyo. Mtoto aliyetimiza miezi sita mtwangie laini, umchanganyie kidogo katika uji. Kokwa nzima usimpe mtoto mdogo, maana itamkaba. Akivimba uso au akitoka vipele, acha na umpeleke kituo cha afya. Mbwa usimpe kabisa, humlegeza miguu.

Ukitaka kupanda, tafuta miche iliyobebeshwa. Hiyo huanza kuzaa baada ya miaka minne au mitano. Wa mbegu huchelewa zaidi. Chimba shimo la futi mbili kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, na acha meta 8 hadi 10 kati ya mti na mti. Mizizi yake haiendi chini sana, hivyo uukinge na upepo. Katikati panda maharage. Sehemu kavu kama Ismani haziufai bila kumwagilia.

Usitikise mti. Kokwa zilizokomaa huanguka zenyewe. Ziokote, menya ganda la kijani siku hiyohiyo, kisha zianike kivulini.

Wengi hupanda kwa ajili ya kuuza, na si vibaya. Lakini mwaka 2022 na 2023 bei ya dunia ilishuka sana, na waliotegemea soko tu waliumia. Kwa hiyo, mama, using'oe migomba yako. Anza na miti miwili karibu na nyumba, kubaliana na mzee wa nyumbani kuhusu mahali pa kuipanda, na kabla ya kufunga gunia la kuuza, tenga bakuli la watoto.