Kikuba cha Bi Harusi na Ua la Kivulini

Wengi mnanijua kwa magauni ya harusi, leo naomba tuzungumze maua.

Mtoto wa dada yangu aliolewa Leicester, Uingereza, mwezi wa Mei. Gauni nilishona mimi hapa Unguja, nikalipeleka mwenyewe. Kilichotusumbua ni kikuba. Asumini letu halistahimili baridi ya nje kule, na bi harusi alishasema, "Mamdogo, bila ya kikuba mimi sitoki."

Dada ana kibustani nyuma ya nyumba, chini ya mti mkubwa. Kwa kile kivuli, nyasi hazikukubali. Akapanda lily of the valley, ua dogo jeupe mfano wa kengele, harufu yake tamu mashallah. Mmea ni wa shubiri moja hivi. Alipanda vipande vya mizizi, ncha juu, kwenye udongo uliochanganywa na majani yaliyooza. Mwaka wa kwanza alipata majani tu. Siku hizi umetambaa chini kwa chini mpaka umefunika pote, ikabidi auzibe kwa matofali, maana haujui mpaka wa jirani. Baridi ikiingia unakauka, mizizi inabaki hai. Aprili unachomoza, Mei unachanua.

Miaka ya mwanzo kule baridi ilimwelemea dada mpaka akawa hapokei hata simu zetu. Anasema zile ncha za kijani zikitoka ndipo anapopumua.

Sasa sikilizeni, hasa nyie wenye ndugu huko. Mmea huu ni sumu, na sumu yake hupiga moyo. Jani, ua, mzizi, vitunda vyekundu vinavyokuja baadaye, hata maji ya chombo lilimowekwa ua. Kwa hiyo nilikataa lisikaribie sinia za chakula. Wifi mmoja alinuna kwamba meza haina pambo. Na anune, ukumbi mzima watoto wanatambaa!

Tulilifunga kwenye kikuba pamoja na waridi na mrehani, nikakibana nyuma ya nywele za bi harusi, tukanawa mikono kwa sabuni. Alipendeza, na alinukia.

Dada hukata mashada yaliyonyauka kabla hayajazaa vitunda, kwa ajili ya kitinda mimba wake. Bi harusi naye keshaomba mizizi. Kaambiwa asubiri majani ya miti yapukutike, na kabla ya kupanda amweleze mumewe kwamba ni sumu.