RAV4 katika njia ya Uvira, Baraka na Fizi

Vikundi vyetu vya Lweba na Baraka vimetuletea swali moja karibu kwa wakati mmoja: franga za likelemba zikitimia, tununue gari ndogo yenye kuvuta kwa magurudumu manne, ama tubaki na wamotari na malori? Gari wanayoitaja wote ni Toyota RAV4. Basi wiki hii tulipanda na mama mmoja wa chama chetu ambaye anayo hiyo gari kwa miaka sita. Tulitoka naye Uvira hadi Baraka, kisha tukapanda Fizi. Njiani tuliongea na wenye gari wengine wawili, na fundi mmoja ambaye mikono yake imefungua gari nyingi za namna hiyo.

Njia ni ile Barabara ya Kitaifa namba 5. Ukishuka kutoka Uvira, milima iko kuume kwako na Ziwa Tanganyika kushoto, na kila mto unaotoka mlimani unataka kukata barabara kabla ya kufika ziwani. Unapita Makobola, Swima, Mboko, Nundu, kisha Lusenda, kwenye kambi ya ndugu zetu wakimbizi wa Burundi tangu 2015. Wakati wa kiangazi ni vumbi, wakati wa masika ni tope. Kwenye ramani ni karibu. Katika mgongo wa abiria ni mbali.

Jambo la kwanza tulilojifunza halihusu injini, linahusu usukani. RAV4 nyingi za kwetu zimetumika kwanza Japani na zimepitia bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo usukani wake uko kuume, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kuume. Shofere yuko karibu na majani, haoni kinachokuja nyuma ya lori lililo mbele yake. Mama aliyeketi kushoto ndiye macho yake. Tulikuwa tukimwambia mwenye gari "ngoja, ngoja," kisha "sasa pita." Na gari ikisimama, mlango wa kushoto unafunguka katikati ya njia. Mwenye gari amewakataza watoto wake kabisa kushuka upande huo, hata sokoni.

Sasa uimara. RAV4 ilitoka Japani mwaka 1994, na haikutengenezwa kama Land Cruiser. Land Cruiser zile za kazi zina fremu ya chuma chini, na bodi imewekwa juu yake. RAV4 haina hiyo fremu. Bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu, kama gari ndogo ya mjini iliyoinuliwa. Ndiyo maana ni nyepesi, hainywi esansi nyingi, na inapita katika mashimo ambayo taksi ya kawaida ingeyalalia kwa tumbo. Na ndiyo maana pia inakufa mapema ikigeuzwa lori. Mwenye gari wa pili, anayekaa Mboko, alikuwa akipakia watu tisa na magunia ya ndagala juu. Amotisa za nyuma zilikwisha, viungo vya magurudumu vikaanza kugonga, mlango wa nyuma ukakataa kufunga vizuri. Hakuwa na la kulalamika juu ya injini. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri ndani ya gari iliyochoka.

Fundi alituambia tusiulize "RAV4 ni nzuri?" bali "ni ya mwaka gani?" Za kwanza, za 1994 hadi 2000, ni rahisi kwake: injini haina mambo mengi, na akikosa kipande kipya anapata cha gari nyingine ya Toyota. Zile zilizoanza mwaka 2000 ni nzuri kukalia, lakini nyingi za kutoka Japani zina injini yenye maandishi ya D-4. Hiyo inapuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu kubwa, na haipendi uchafu hata kidogo. Sisi tunanunua esansi kwa kadhafi, katika chupa na bidoni, na nani anajua bidoni ilibeba nini jana? Katika injini za alumini za miaka hiyo, boliti zinazoshika kichwa cha injini, ile kulasi ya mafundi, zinaweza kulegea. Tena zile otomatiki za 2001 hadi 2003 zilisumbua kwa kompyuta inayobadilisha gia, hata Marekani kampuni ikarefusha dhamana yake. Huko walibadilishiwa. Hapa Baraka unaisukuma hadi kwa fundi, naye anakutazama. Shauri letu basi: gia za mkono, na mwaka wa zamani wenye bodi nzima kuliko mwaka mpya wenye rangi ya kung'aa.

Mwenye gari wetu ana desturi ambazo tulizipenda. Esansi anaimimina kwanza katika chupa nyeupe na kungoja. Kama kuna maji, yanalala chini na unayaona. Chujio la hewa analipiga vumbi kila Jumamosi wakati wa kiangazi. Mtoni haingii kabla mtu hajavuka kwa miguu, na maji yakifika katikati ya gurudumu anazima gari na kungoja yapungue. Kuna siku alingoja toka asubuhi hadi saa tisa mchana, wamotari wakimcheka, na akafika nyumbani na injini yake.

Usiku mmoja wa masika gari hiyo ilimbeba jirani mwenye uchungu kutoka Lweba hadi hospitali ya Baraka, kiti cha nyuma kikiwa kimelazwa na godoro juu. Mtoto alizaliwa hospitalini, si njiani. Pikipiki isingeweza safari hiyo, na lori halikuwepo.

Kupanda Fizi ni habari nyingine. Kutoka ziwani njia inainuka kwenye vilima, na huko mvua huchimba mitaro katikati ya barabara. Tulikuwa watu wanne na mizigo midogo, jua likiwaka, na RAV4 ilipanda bila kuchemsha. Wakati wa kushuka mama alikaa katika gia ya pili muda wote ili asichome breki. Alituambia wazi kwamba mvua ikinyesha siku tatu haipandi huko, na muhogo wa kuuza haupakii hata siku moja.

Kwa hiyo kwa Lweba na Baraka, jibu letu ni ndiyo, ikiwa ni gari ya watu watano, wagonjwa, na mama anayekwenda Uvira kununua vitenge. Kama mnataka ya samaki na magunia, lipeni lori kama kawaida. Na mkikubali kununua, wekeni kando franga za amotisa, matairi na fundi wa mwaka wa kwanza kabla ya kumpa muuzaji hata nusu. Wote watatu tulioongea nao walitaja hilo kabla hatujauliza.

Kikao ni Jumamosi saa nane baada ya soko. Mwenye gari wetu atakuja na RAV4 yake, na amekubali kufungua boneti ili kila mmoja atazame. Waweka hazina, njooni na madaftari.