Nguzo za Ngomeni

Tulitoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri, akina mama saba na mabinti tisa, ndani ya matatu tuliyoikodi kwa mchango wetu wenyewe. Mtwapa tuliipita kungali na giza jepesi. Daraja la Kilifi tulilivuka jua likiinuka juu ya maji ya ghuba, na mjini Malindi tukasimama kununua mahamri na maji ya kunywa. Kaskazini ya Malindi upo mto Sabaki, na maji yake mekundu yanayobeba udongo wa bara hadi baharini. Kisha huja Mambrui, kisha Gongoni, na hapo gari likaiacha lami na kukata kulia. Njia ile hupita katikati ya mashamba ya chumvi. Malundo meupe yamepangwa huku na huku, na mwangaza wake huumiza macho mchana kutwa.

Ndugu msomaji, safari hii ilikuwa na sababu. Mmoja wa mabinti wetu yuko gredi ya 9, na mwaka huu inampasa kuchagua mkondo wa masomo atakaoufuata katika shule ya upili. Yeye mwenyewe anaipenda sayansi. Lakini alirudi nyumbani siku moja akiwa kimya, na alipoulizwa akasema ameambiwa kwamba fizikia si somo la binti wa pwani. Atafute jambo jepesi, kwani mwisho wake ni kuolewa. Maneno hayo yalitugusa, kwa kuwa hayakuwa mageni masikioni mwetu. Wengi wetu tuliyasikia tukiwa kidato cha pili, tukayaamini, tukaiacha fizikia bila ya hata kuiaga. Hatukutaka kumhubiria binti yetu, wala kumchagulia. Tulitaka aone mahali fulani kwa macho yake kabla ya kuamua.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi. Kina mikoko upande mmoja na bahari wazi upande wa pili. Mashua zilikuwa zimelala juu ya mchanga, nyavu zimeanikwa, na harufu ya samaki wanaokaushwa ilitulaki kabla hatujateremka garini. Nyuma ya ua, kando ya ufuo, tuliyaona masinia makubwa meupe ya antena yakiwa yameelekea mbinguni. Hatukuomba ruhusa ya kuingia humo. Tulichokifuata kilikuwa baharini. Kwa mbali, juu ya maji, zilisimama nguzo za chuma zikiwa zimebeba majukwaa, mfano wa meza ambazo wenyewe wameondoka karamuni wakaziacha mahali pake.

Chini ya mkungu alikuwa ameketi mzee mmoja akishona wavu. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuuliza tumekuja kumtafuta nani.

"Tumekuja kuyaona majukwaa, babu," alisema binti wetu.

Mzee alicheka kidogo. "Hayo? Hayo sisi tumekua nayo. Nilipokuwa mtoto, usiku mmoja tuliamka tukaona bahari imewaka kama mchana. Mama yangu alitukusanya ndani akasoma dua. Asubuhi tukaambiwa ni roketi ya Wataliani."

"Ilikwenda kufanya nini huko juu?"

"Hilo, mjukuu wangu, hakuna aliyetwambia."

Jibu hilo lilitukaa moyoni, na ndilo tunalotaka kulijaza hapa, kwa ajili ya mzee yule na kwa ajili ya watoto wetu wote.

Majukwaa yale huitwa San Marco na Santa Rita. Yaliwekwa na Wataliani katika miaka ya 1960, chini ya uongozi wa profesa na mhandisi Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Roketi ya kwanza kupeleka setilaiti kutoka hapo iliondoka Aprili 1967, na ya mwisho Machi 1988. Kati ya miaka hiyo, ufuo huu wa kwetu ulikuwa miongoni mwa sehemu chache sana duniani ambako mwanadamu aliweza kuondokea kwenda anga za juu. Na baadhi ya vyombo vilivyoondokea hapa vilikwenda kutafuta jibu la swali lililokuwa limewashughulisha wanasayansi kwa miaka mingi.

Swali hilo lilianza mwaka 1912. Mwanasayansi wa Austria, Victor Hess, alipanda kwa puto hadi urefu wa zaidi ya mita 5,000, akiwa na vyombo vya kupimia mionzi. Watu walidhani mionzi yote hutoka ardhini, katika mawe na udongo. Kwa hiyo ilitarajiwa ipungue kadiri mtu anavyopanda. Hess aliona kinyume chake. Kule juu mionzi iliongezeka, na akakata kauli kwamba ipo inayotoka nje ya dunia. Baadaye ikaitwa miale ya kosmiki, na mwaka 1936 Hess akapewa Tuzo ya Nobel. Leo twajua kwamba neno miale halitoshi sawasawa, kwa kuwa hizo ni chembe: sehemu kubwa yake ni protoni, yaani viini vya haidrojeni, zikienda kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Zikigonga hewa ya juu huvunja atomu zake na kuzaa chembe nyingine, nazo hutunyeshea mchana na usiku.

Mabinti walipoyasikia hayo walitazama juu, kana kwamba wataona kitu. Tuliwaomba wakunjue viganja vyao na kuvielekeza mbinguni. Kwenye usawa wa bahari, kila eneo lenye ukubwa wa ukucha hupitiwa na chembe moja hivi kwa kila dakika. Katika kiganja kizima hupita chembe moja au mbili kila sekunde, nazo hutoka upande wa pili na kuingia mchangani bila ya sisi kuhisi lolote.

"Hazitudhuru?" aliuliza binti mdogo kuliko wote, akiuficha mkono wake nyuma.

Tulimwambia asiogope. Mionzi hiyo ni kidogo, na binadamu ameishi nayo tangu alipoumbwa. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, ingawa yaonekana nyepesi, ina uzito sawa na maji yenye kina cha mita kumi. Ni kama vile sote tunaishi chini ya bahari ya pili, nayo hutukinga. Aliutoa mkono wake, akaukunjua tena, na mara hii akaanza kuhesabu.

Lakini chembe hizo zatoka wapi? Hapo ndipo ugumu ulipo. Chembe yenye chaji ya umeme hupindishwa njia na sumaku zilizotapakaa baina ya nyota. Hufika kwetu kama gogo lililosukumwa na mikondo mingi hata likatupwa ufuoni: waliona, lakini huwezi kusema limeng'oka pwani ipi. Nuru haipindishwi hivyo. Huja moja kwa moja kutoka ilikotoka. Basi wanasayansi wakaazimia kutafuta nuru inayozaliwa mahali penye nguvu kubwa kama hizo, nazo ni eksirei na miale ya gama. Tatizo ni kwamba bahari yetu ya hewa, kwa kutukinga kwake, huizuia nuru hiyo pia. Anayetaka kuiona hana budi kutoka nje ya hewa. Roketi za awali zilipanda na kuanguka, zikapata dakika chache tu za kutazama. Palihitajika setilaiti itakayokaa juu.

Na kwa nini iondokee Ngomeni? Kijiji hiki kiko takriban nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Kutoka hapa roketi ndogo yaweza kuiweka setilaiti katika njia inayoizunguka dunia juu ya ikweta, kazi ambayo kutoka Florida, iliyo nyuzi 28 kaskazini, ingedai nguvu nyingi zaidi. Tena kuna siri ya pili. Dunia yenyewe ni sumaku, na kinga yake ina nguvu zaidi kwenye eneo la ikweta kuliko kwenye ncha. Chembe nyingi za kosmiki zinazoweza kupenya kwenye ncha za dunia hurudishwa nyuma huku kwetu. Setilaiti inayopita juu ya ikweta hupigwa na chembe chache, na macho yake hayachafuliwi sana na kelele zake. Yaani mahali hapa ni kama chumba chenye utulivu, na mtu anayesikiliza sauti ndogo hutafuta chumba cha namna hiyo.

Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliondoka katika jukwaa la San Marco ikiwa na setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 na ushei. Walioirusha ni Wataliani; ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na taifa jingine. Aliyesimamia mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme na mama wa watoto wanne. Mwaka 1951 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Na sasa, akiwa na miaka arubaini, akawa mwanamke wa kwanza wa NASA kusimamia urushaji wa setilaiti. Kwa kuiheshimu siku ile na nchi iliyomkaribisha, aliipa setilaiti jina la Kiswahili: Uhuru.

Tulipolitaja jina hilo, mabinti walinyamaza. Binti yetu wa gredi ya 9 aliuliza polepole, "Jina letu? Liko vitabuni hadi leo?" Tukamjibu kwamba liko. Mwanasayansi yeyote duniani anayesoma habari za eksirei kutoka mbinguni hana budi kulitamka.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za mbinguni peke yake. Ilijizungusha taratibu na kuipekua anga upande kwa upande hadi mwaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Iliona nyota inayopwita kila baada ya sekunde tano kasoro kidogo, ikimzunguka mwenziwe na kumla. Ikaonyesha kwamba chanzo kimoja katika kundinyota la Cygnus hubadilika kwa haraka ajabu, na uchunguzi uliofuata ukawaongoza wataalamu kwenye shimo jeusi la kwanza kutambuliwa. Kundi hilo lina nyota angavu iitwayo Deneb, jina lililotokana na neno la Kiarabu dhanab, yaani mkia. Mwanasayansi aliyeongoza uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Novemba 1972, setilaiti ndugu yake, SAS-2, iliondokea papa hapa, nayo ilitafuta miale ya gama. Ilionyesha kwamba miale hiyo hung'aa kwa wingi katika ule ukanda mweupe wa nyota tunaouona usiku usio na mwezi, yaani galaksi yetu. Sehemu kubwa yake huzaliwa pale chembe za kosmiki zinapogonga gesi iliyotanda baina ya nyota. Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya chembe zile ni miale ya gama. Hivyo chembe zisizotaka kusema zatoka wapi zilianza kufuatwa kwa nyayo zake. Ziko ambazo hata leo chimbuko lake halijajulikana, hasa zile zenye nguvu kupita zote, na kazi hiyo yawangoja walio darasani sasa.

Jua lilipoanza kuinama tulimrudia yule mzee, tukamweleza kwa ufupi kile kilichokwenda juu usiku ule na wenzake. Alisikiliza bila ya kuuacha wavu. Mwisho akasema, "Basi mama yangu alisoma dua kwa jambo la kheri." Kisha akamtazama binti yetu. "Na wewe ndiye utakayetueleza yaliyobaki?"

Binti hakujibu. Alitabasamu, akainamisha kichwa, kama wafanyavyo mabinti wetu mbele ya wazee.

Katika njia ya kurudi tulizungumza sisi kwa sisi, wadogo wakiwa wamelala. Tulikiri kwamba tumepita Malindi mara nyingi kwa arusi na kwa maziko, tukawa hatujui kwamba saa moja mbele yake pana mahali ambapo mbingu ilifunguliwa ukurasa mpya. Hakuna aliyetuficha. Hatukuuliza, na waliojua hawakuona haja ya kumwambia mvuvi wala mama wa nyumbani. Chuma cha majukwaa yale kinaliwa na chumvi siku baada ya siku, lakini kisichosimuliwa huoza upesi kuliko chuma.

Tuliswali Maghrib mjini Malindi. Tulipotoka msikitini nyota za mwanzo zilikwisha toka, na binti yetu alikuwa amesimama peke yake kando ya gari, kiganja chake kimeelekea juu. Mama yake alimsogelea akamwuliza anafanya nini.

"Nahesabu," alisema.

Mama yake hakuongeza neno. Aliukunjua mkono wake mwenyewe, akauweka karibu na wa mwanawe, nasi tukawangoja mpaka walipomaliza.