Mto wa Majivu

Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa na kitabu cha historia mezani, lakini wiki ile hakukifungua. Aliandika swali moja ubaoni, tukalinakili, tukaambiwa tukalijibu nyumbani: ni nani katika ukoo wako aliyekuwa wa kwanza kulala Korogwe, alitoka wapi, na alipita njia gani? Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shule yetu ilipakana na mashamba ya mkonge, na kila upepo ulipogeuka iliingia darasani harufu ya korona, mashine ya kusaga mkonge, ile harufu kali ya majani yaliyosagwa yakachacha.

Sisi watoto wa kambini tulidhani swali lile halituhusu. Historia ya pale ilikuwa na wenyewe: Wazigua, Wasambaa, Wabondei. Wao walikuwa na makaburi ya mababu na mashamba yenye majina ya koo zao. Sisi tulikuwa na kota za kampuni zilizopigwa namba milangoni. Babu zetu walikuja wakiwa manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani, na neno hilo kwenye uwanja wa mpira lilikuwa tusi.

Nilimkuta babu uani akichonga mpini wa jembe. Nikampa shikamoo, nikamsomea swali. Hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai, na ndani ya mkebe akatoa kipande chake. Ilikuwa kadi ya kazi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikataka kukatika, yenye miraba 30, na kila mraba umetiwa alama ya kalamu. Akanieleza, kidole chake kikitembea juu ya miraba, kwamba siku uliyomaliza kazi mnyapara alikutilia alama, na siku uliyougua au uliyoshindwa kumaliza, mraba ulibaki mtupu. Mwezi wa mshahara haukuisha mpaka miraba yote ijae, hata kama mwezi wa angani umeshaandama mara mbili.

“Andika, mjukuu wangu,” akaniambia. “Babu alitoka Buha. Alipanda treni Kigoma, akateremka Morogoro. Hapo tukapandishwa lori, tukapita Handeni, tukaingia hapa usiku. Nililala chini, mlangoni pa stoo ya singa za mkonge.”

Siku ya kujibu, mwalimu alitutoa nje chini ya mwembe. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Alichukua debe la majivu kutoka jikoni kwake, akachora mto: Luvu, ambao ramani zinauita Pangani, ukitoka kwenye theluji ya Kilimanjaro hadi baharini. Katikati ya mto akaacha duara. Hapo, alisema, ndipo Korogwe ya kwanza ilipokaa, kisiwani, maji yakiwa ndiyo ukuta wa mji dhidi ya wavamizi. Kusini mwa mto akatia milima ya Nguu, ambayo wakati ule ilikuwa wilaya ya Handeni na sasa ni Kilindi. Kaskazini akatia Usambara. Halafu akatusimulia Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyenyimwa urithi na ndugu zake kule Nguu kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota, akahama na mbwa wake, akavuka mto, akawagawia watu wa milimani nyama, na mwishowe wakamtawaza Vugha. Alikuwa nayo *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi, lakini alisimulia kwa kichwa, na kitabu akakiacha kizunguke mikononi mwetu.

Mtoto mmoja Msambaa akauliza, kwa hiyo mfalme wetu alikuwa mgeni? Mwalimu akamwambia asimame alipovukia Mbegha.

Kisha kila mtu akasimama mahali pa ukoo wake. Wazigua walijaa ng'ambo ya mto. Wabondei wakaenda upande wa Muheza. Palikuwa na binti mmoja ambaye babu yake alikuja kutoka Nyasa, akasogea mpaka kwenye mti wa pili. Mimi niliambiwa niende, niende tena, hadi nikafika kwenye ua wa choo cha wavulana, na hapo ndipo Kigoma. Nilisimama mbali kuliko wote, na kwa mara ya kwanza umbali ule haukunitia aibu. Wote walikuwa wamegeuka wananitazama, na mwalimu akaniambia nisome kwa sauti njia aliyopita babu yangu.

Mengine yalifuata kwa urahisi. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na mji ukaanza kuifuata stesheni. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa karibu na Pangani. Mkonge ulitaka mikono mingi kuliko iliyokuwapo, na ndiyo maana babu yangu alipita Handeni usiku ndani ya lori. Mambo hayo tungeyakariri na kuyasahau. Tuliyashika kwa sababu kila moja lilikuwa na mtu wake pale uwanjani, amesimama juani.

Nami nikawa mwalimu, nikapangiwa Handeni, na swali lile nikalichukua kama lilivyo. Naliamini kuliko silabasi yoyote niliyopewa. Mtoto akiambiwa tu kwamba wakazi wa mwanzo walikuwa Wazigua, amejifunza jina. Akimuuliza bibi yake walifikaje, atapata njaa, vita, ndoa, bunduki za pwani, na atajua kuwa mji ni watu waliofanya uamuzi, au walioamuliwa.

Handeni ilikuwa na jibu ambalo Korogwe haikunipa. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga Uzigua, watu wakateremka pwani kutafuta chakula, wengi wakaishia majahazini na kuuzwa Somalia. Waliotoroka mashamba ya mabwana zao walikimbilia misitu ya mto Juba, nchi ya Gosha, wakakaa huko vizazi na vizazi. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi ya wajukuu zao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Mkuyu, hapahapa Handeni, na kuanzia mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Wengi baadaye walipewa uraia. Walikuja wakisema Kizigua.

Nilimwomba mama mmoja wa Mkuyu aje darasani, na pamoja naye mzee mmoja wa Chanika, hapo Handeni. Mama yule alianza kwa Wanankhucha, mwanamke aliyewaongoza mababu zake kutoka utumwani. Watoto waliozoea kuchekwa wakisema Kizigua shuleni walikuwa wamesogea hadi ukingoni mwa madawati. Mzee alimsikiliza kwa muda, kisha akamkatiza kwa swali la kwao: ukoo wenu ni upi? Mama akautaja. Mzee akakataa, akasema ukoo huo haukuwa upande ule wa Handeni, ulikuwa karibu na bahari. Mama naye akashikilia alivyoambiwa na bibi yake. Wakabishana kwa Kizigua, wala hawakuhitaji mkalimani, na kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa hakuna mtoto aliyeinuka.